Paka kabadilishiwa chakula, sebule haikaliki

REHEMA: Mbukwenyi, wasikilizaji wetu! Dodoma upepo wa Julai hauna huruma, watu tumejifungia ndani. Na leo tunaongelea paka anayejamba.

DAUDI: Dada, polepole, kuna watu wanakula.

REHEMA: Waweke kijiko pembeni. Msikilizaji wetu wa Nkuhungu, paka wake alizoea ugali na dagaa. Juzi kanunua chakula kikavu cha mfuko, akambadilishia siku hiyohiyo. Sasa paka akipanda kwenye kochi, wageni wanaangaliana.

DAUDI: Kila mmoja anamshuku mwenzake, mwenyewe kafumba macho hana habari!

REHEMA: Nia yake ilikuwa njema. Paka ni mla nyama hasa, lazima apate taurini, kirutubisho ambacho kiko kwenye nyama na samaki. Kwenye sembe hakuna. Kosa ni haraka. Bakteria wa utumbo wamezoea kitu fulani, unawashushia kingine ghafla. Kile ambacho hakikusagika vizuri kinafika utumbo mpana, wanakichachusha, gesi inajaa. Ule uvundo ni wa salfa, unatokana na protini.

DAUDI: Afanyeje sasa? Amwage mfuko mzima? Hela hiyo!

REHEMA: Asimwage. Arudie chakula cha zamani, halafu achanganye robo ya kipya, baada ya siku chache nusu kwa nusu, hivyohivyo mpaka siku 7 au 10. Wengine wanahitaji zaidi. Na asome nyuma ya mfuko: soya na nafaka zikitangulia nyama, gesi haishangazi.

DAUDI: Wangu anakula kwa pupa, utadhani anafukuzwa.

REHEMA: Huyo anameza na hewa. Mtandazie kwenye sinia, kidogokidogo, mara nyingi.

DAUDI: Na maziwa, kupoza tumbo?

REHEMA: Kaka, utaharibu kabisa! Paka wengi wakishakua hawana uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Ataharisha juu ya kujamba. Na dawa za binadamu asiguse. Parasetamoli inaua paka. Hata mchuzi uliobaki, ukiwa na kitunguu au kitunguu saumu, unaharibu damu yake.

DAUDI: Duh. Kwa daktari wa mifugo aende lini?

REHEMA: Akitapika mara kwa mara, akiharisha, kinyesi kikiwa na damu, au akikonda huku anakula, hapo fikiria minyoo. Akigoma kula siku nzima, usingoje. Paka akikaa na njaa, hasa mnene, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini, na hilo ni hatari kweli.

DAUDI: Aende mikono mitupu?

REHEMA: Achukue na kinyesi kibichi kwenye kikopo chenye mfuniko, kipimwe.

DAUDI: Ila kikopo hicho asikiweke kwenye friji ya mboga, jamani!

REHEMA: Haya, swali linalofuata limetoka Kondoa, kuhusu kuku wanaokula mayai yao wenyewe.