Hedifoni Inapovuma: Kujua Ubovu Ulipo Kabla ya Kushika Bisibisi

Mkuu wa chuo, walimu, na ninyi wanafunzi wa fani ya elektroniki, nashukuru kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumze juu ya kifaa ambacho baadhi yenu mmekivaa shingoni hata sasa, na ambacho huletwa kwa fundi kwa maneno yaleyale kila siku: “Fundi, hedifoni yangu inavuma, nitengenezee.” Mteja huyo amesema kweli, lakini hajataja ugonjwa, ni sawa na mtu anayefika zahanati akasema anaumwa. Nimeona hedifoni nzima zikitupwa kwa kosa la chaja, na nimeona nyingine zikifunguliwa mara tatu ilhali ubovu wake haukuwa na dawa. Makosa hayo mawili ni ndugu, kwa sababu katika yote mawili fundi aliamua la kufanya kabla hajajua mvumo unatoka wapi. Nanyi mmeniuliza maswali mawili: ubovu utajulikanaje ulipo, na hedifoni itengenezwe au isitengenezwe.

Kazi ya kwanza haihitaji kifaa chochote cha kupimia. Chukua hedifoni nyingine unayoiamini, uichomeke kwenye simu ya mteja. Kisha chukua hedifoni inayolalamikiwa, uichomeke kwenye simu yako. Mvumo ukibaki kwenye simu ya mteja, hedifoni haina kosa, na hupaswi kuigusa. Ukifuatana na hedifoni, endelea. Halafu mwambie mteja aivae kinyume, upande wa kushoto uwe sikio la kulia. Mlio ukihama pamoja na upande wa hedifoni, uko ndani ya kifaa. Lakini akisema bado anausikia kwenye sikio lilelile la kwanza, mshauri kwa upole aende kumwona daktari wa masikio. Jambo hili si la kubahatisha wala la kuonea aibu, kwani mlio wa sikio lenyewe ni tatizo la kiafya linalojulikana, na fundi anayelibaini mapema amemsaidia mtu kuliko angebadilisha waya kumi.

Sasa tusikilize mlio wenyewe. Upo mvumo ambao hausubiri muziki: unachomeka pini, hujacheza chochote, na tayari kuna sauti nzito iliyonyooka, haipandi wala haishuki. Huo, mara nyingi, ni umeme. Umeme wa majumbani hapa kwetu ni volti 230 na hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake husikika kwenye hezi 50 au 100, na sikio likizoea haliusahau. Nilipokuwa nikihudumia studio za redio, niliukuta kila mara kompyuta mpakato ilipounganishwa na mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, huku chaja yake ikiwa kwenye soketi ya ukuta mwingine. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri. Mvumo ukikatika palepale, umekwisha kuipata sababu: mkondo unazunguka kwenye waya za eathi, yaani za kupeleka umeme ardhini, za vifaa viwili. Vilishe vyote viwili kutoka ekstensheni moja, na ikishindikana weka kati yao transfoma ndogo ya kutenganisha sauti. Nawasihi, msikubali kamwe kukata pini ya eathi ya plagi ili mvumo unyamaze. Wapo wanaofanya hivyo, na mvumo hunyamaza kweli, lakini pini ile iko pale ili bodi ya chuma isije ikamuua mtu siku waya wa moto, ule wenye umeme, utakapoigusa.

Mdundo wa haraka haraka, unaokuja kwa vipindi kabla simu haijaita, ni wa namna nyingine. Simu inapotumia mtandao wa GSM, ule wa 2G, hurusha mawimbi kwa mapigo yapatayo 217 kwa sekunde, na waya wa hedifoni huyanasa kama antena. Sogeza simu hatua moja, na kazi imekwisha.

Tukija kwenye waya, mlio hubadilika na kuwa mkwaruzo unaokatika, na mgonjwa mwenyewe huonyesha panapouma. Cheza wimbo, kunja waya kidogo kidogo kuanzia kwenye pini kwenda juu, na usikilize. Mahali pa kwanza pa kushuku ni sentimita mbili za mwanzo baada ya pini, kwa sababu ndipo waya unapokunjwa kila mtu anapoitia simu mfukoni. Sisi wa pwani tuna la ziada: hewa ya chumvi na jasho huleta kutu kwenye pini na ndani ya tundu, hivyo kabla ya kukata chochote, futa pini kwa kitambaa na spiriti, uizungushe tunduni mara kadhaa, na usikilize tena.

Ipo dalili moja ya waya ambayo huwapoteza hata mafundi wazoefu. Mteja anasema muziki unasikika mbali, kama uko kisimani, na mwimbaji ametoweka huku vyombo vikibaki. Hapo waya wa pamoja, ule unaorudisha mkondo wa pande zote mbili, umekatika. Upande wa kushoto na wa kulia sasa vimeunganika kwa mfuatano, na kinachosikika ni tofauti kati yao tu. Sauti ya mwimbaji, ambayo kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote, inajifuta yenyewe. Ukiisikia dalili hiyo, usifungue vikombe vya masikio. Shika mita ya kupima omu, yaani ukinzani wa waya dhidi ya umeme, pima kutoka ncha ya pini hadi shina lake, kisha kutoka pete ya kati hadi shina. Hedifoni nzima iliyoandikwa omu 32 itakupa namba iliyo karibu na 32 kila upande, na ukiwa umeivaa utasikia mita ikigonga kidogo sikioni unapogusisha. Namba zikirukaruka unapokunja waya, umekwisha kupata jibu.

Mkiufungua waya huo mtakuta nyuzi nyembamba zenye rangi, aghalabu nyekundu kwa kulia, kijani au buluu kwa kushoto, na za shaba tupu kwa ule wa pamoja. Rangi hiyo ni vanishi inayozuia umeme. Mwanafunzi anayeweka risasi ya kuungia waya juu yake bila kuiunguza au kuikwangua polepole atapata kiungo kinachong’aa, kizuri kwa macho, kisichopitisha kitu. Kazi nyingi zinazorudi kwa fundi baada ya wiki moja hurudi kwa sababu hii.

Nimeacha mwisho mtetemo ninaouogopa kuliko yote, ule unaofuata muziki. Pakiwa kimya hakuna kitu. Ikija besi, upande mmoja unalia kama nzi aliyenaswa kwenye kiberiti. Mtangazaji mmoja wa kipindi cha asubuhi aliniletea hedifoni ya namna hiyo. Alisema inavuma akizungumza yeye, lakini mwenzake, mwanamke, akisoma habari, inatoa sauti safi. Nilidhani ni wivu wake tu wa hewani kwa mwenzake, nikabadilisha waya wote, nikapoteza siku mbili. Nilipaswa kumsikiliza. Sauti yake ilikuwa nzito, karibu hezi 100, na ya mwenzake ilikuwa juu karibu mara mbili ya hapo. Alikuwa amenipa kipimo kamili bila kujua. Siku ya tatu nilicheza toni inayopanda polepole kuanzia hezi 20, kwa sauti ya chini, na hedifoni ikalia palepale ilipopita hezi 100, ikanyamaza mbele yake. Nikavua sponji, nikatoa skrubu nne, nikaondoa kitambaa cha kuzuia vumbi. Juu ya utando unaotetemeka na kutoa sauti, ule wa plastiki ulio mwembamba kuliko karatasi ya daftari, ulilala unywele mmoja wa ndevu, urefu wake haufiki sentimita moja, ncha yake ikigusa utando kila ulipojaa. Niliutoa kwa kibano. Hedifoni ile haikuvuma tena.

Ninyi wa chuo hiki mna hatari ambayo studio haina, maana karakana ya uchomeleaji iko ukuta wa pili. Nyuma ya utando kuna sumaku yenye nguvu, na unga wa chuma unaoruka kutoka kwenye mashine ya kusaga huvutwa nayo. Ukikung’uta hautoki, ukipuliza kwa kompresa utapasua utando. Tumia ncha ya mkanda wa gundi, uguse punje moja moja. Na punje ikishaingia kwenye mwanya mwembamba ambamo koili, waya uliozungushwa unaousukuma utando, hucheza, iacheni; hapo tumefika kwenye swali la pili mliloniuliza, yaani itengenezwe au isitengenezwe.

Mimi sipimi kwa bei ya hedifoni. Napima kwa mahali ubovu ulipo. Ukiwa kwenye pini, waya, tundu, sponji au uchafu juu ya utando, natengeneza, hata kama hedifoni ni ya bei ndogo, maana kazi ni ya saa moja na kifaa kinarudi katika hali yake. Utando ukichanika, au koili ikiungua na kukwaruza sumaku, ni lazima kubadilisha kipaza sauti kidogo chenyewe, yaani spika iliyomo ndani, tena cha pande zote mbili, kwa kuwa kipya na kikuukuu havifanani sauti na mteja atahisi wimbo umeegemea upande mmoja. Gharama ya viwili hivyo ikizidi nusu ya bei ya hedifoni mpya ya aina ileile, namwambia mwenyewe waziwazi kabla sijafungua, na akiamua kuiacha simtozi ada ya kuangalia. Zile ndogo zisizo na waya, zilizofungwa kwa gundi na betri ya lithiamu ndani, sizifungui kwa kisu kwa sababu ya mvumo tu. Betri ikitobolewa inaweza kuwaka.

Mezani hapa nimeweka hedifoni mbili nilizopokea wiki hii, zote kwa neno lilelile, “inavuma”. Hii nyeusi nimekwisha kuisikiliza kwa toni: koili ya kulia inakwaruza kuanzia hezi 60 hadi 300, na mwenyewe ameniruhusu nibakize waya na sponji zake kwa ajili ya vipuri. Hii nyeupe sijaipima. Naomba mmoja wenu aje mbele ashike mita, na mwingine akunje waya kuanzia kwenye pini, polepole, nasi wengine tutulie tusikie namba zikisomwa.