Kura yangu ya Idaho inaenda wapi?

Asanteni jamani, asanteni kwa kuja, najua Jumamosi jioni kila mtu ana shughuli zake na wengine mmetoka shifti moja kwa moja, nawaona macho mekundu huko nyuma, chai ipo jamani msione haya. Nimeambiwa nina nusu saa. Nitajitahidi ila mnanijua.

Nianze na mama mmoja. Majuzi tulikuwa kwenye foleni ya duka hapa hapa Boise, mama wa Bukavu, kapata uraia mwaka juzi, kashika pakiti mbili za sombe ya friza kifuani kama kashika mtoto, akaniuliza, "Mwalimu, hapa Idaho Wademokrati hawashindi. Sasa mimi nikienda kwenye mchujo nikachagua mgombea urais wa chama ambacho mwezi wa kumi na moja kitapigwa tu, si natwanga maji kwenye kinu?" Nikataka kumjibu pale pale, keshia akasema next, basi. Leo ndo namjibu, na kakaa mstari wa pili hapo ananicheka.

Kwanza mama ana haki ya kuuliza. Mara ya mwisho Idaho kumpa Mdemokrati kura za urais ilikuwa 1964, Lyndon Johnson, na hapo alipita kwa shida. Gavana wa mwisho Mdemokrati alikuwa Cecil Andrus, katoka ofisini Januari 1995. Bunge la jimbo lina viti 105, baada ya uchaguzi wa 2024 Wademokrati wamebaki na 15, yaani ukiwapakia wote kwenye basi la shule nusu ya siti zinabaki tupu. Kwa hiyo hoja yake sio ya kijinga. Na wala sio yake peke yake, watu wakubwa kabisa wameshaisema kwenye TV.

Mnakumbuka 2008? Wengi hamkuwepo, haya. Obama na Hillary Clinton wanagombania tiketi ya chama, na mchujo wa Marekani sio kwamba mwenye kura nyingi nchi nzima anachukua, hapana, kila jimbo linatoa wajumbe, na wajumbe ndo wanaenda mkutano mkuu kumpitisha mgombea. Sasa tarehe 5 Februari majimbo zaidi ya ishirini yakapiga siku moja. New Jersey, watu zaidi ya milioni moja wakapiga mchujo wa Wademokrati, Clinton akamzidi Obama kwa kura zaidi ya laki moja, akapata wajumbe 59, Obama 48. Ongezeko la Clinton, 11. Siku hiyo hiyo hapa kwetu Idaho, kokasi, yaani mkutano wa wana chama wa kuchagua mgombea, watu kama elfu ishirini na moja hivi jimbo zima, Obama kachukua karibu asilimia 80, akapata wajumbe 15, Clinton 3. Ongezeko la Obama, 12.

Rudieni hapo polepole. Kumshinda mwenzio kwa kura laki moja na zaidi New Jersey kunakupa 11, na kumshinda kwa kura elfu kumi na tatu hivi Idaho kunakupa 12. Hata mimi ninayeipenda Idaho, nikiiangalia hiyo hesabu najikuna kichwa.

Kambi ya Clinton ikalalamika, na hapo ndo watu walichanganya mambo mawili ambayo mpaka leo yanachanganywa. Lalamiko la kwanza ni la hesabu: watu wachache wamepewa uzito mkubwa. Hilo ni la haki kabisa, na ukitaka mkosaji ni kokasi yenyewe, manake kokasi maana yake uende mwenyewe, usiku ule, saa ile ile, ukae mpaka uhesabiwe. Anayefanya kazi kiwandani usiku hayupo. Mwenye mtoto mchanga hayupo. Idaho ilipobadili ikafanya mchujo wa kawaida Machi 2020, waliopiga upande wa Wademokrati walizidi laki moja, watu wale wale, jimbo lile lile, mlango tu umefunguliwa zaidi.

Lalamiko la pili ndo la mama yetu: kwamba jimbo ambalo chama hakitashinda lisiwe na sauti kumchagua mgombea wa chama, ati ushindi wa Obama kule Idaho na Nebraska na Kansas ni mapambo, wenye maana ni wa Ohio, Pennsylvania, California, alikoshinda Clinton. Hili mimi nalikataa.

Sababu, angalia kilichotokea Novemba. Obama aliyepigwa mchujo California akaichukua California kwa tofauti ya asilimia 24. Aliyepigwa mchujo Ohio akaishinda Ohio. Pennsylvania vivyo hivyo. Indiana, jamani, Mei kapigwa na Clinton kidogo tu, Novemba akaishinda, na Indiana nayo ilikuwa haijampa Mdemokrati tangu 1964 kama sisi. Halafu Idaho aliyoizoa kwa asilimia 80 kwenye kokasi, Novemba akaambulia 36. Yaani kura ya mchujo haikuambii nani atashinda jimbo. Ni maswali mawili tofauti kwa watu tofauti. Mchujo unauliza, nyie wana chama, nani awabebe? Na wana chama wanaishi kila mahali. Yule Mdemokrati wa Boise sio nusu Mdemokrati kwa sababu jirani zake ni Warepublikani.

Geuza upande wa pili uone. California haijampa Mrepublikani urais tangu 1988, kila mtu anaiita ngome ya Wademokrati. Lakini 2020 jimbo lililompa Trump kura nyingi kuliko yote sio Texas, ni California, zaidi ya milioni sita. Milioni sita! Hawa zile kura zao za urais Novemba zilikwenda kapuni zote, manake California mshindi anachukua kila kitu. Sasa ukiwaambia na mchujo pia msihesabiwe kwa sababu mnaishi pabaya, umewaachia nini? Mchujo ndo mahali pekee pa mbio za urais ambapo kura yao inakwenda kugusa kitu.

(Kuna kaka hapo anauliza kama Warepublikani wanafanya hesabu tofauti.) Ndiyo ndugu yangu, na hapa pana utamu wake. Wademokrati wakigawa wajumbe wanaangalia pia chama kilipata kura ngapi jimbo hilo kwenye chaguzi tatu za urais zilizopita, kwa hiyo sisi Idaho tayari tumeshakatwa, hatupewi sawa na idadi yetu. Warepublikani wao wanatoa watatu kwa kila wilaya ya ubunge, na kuna bonasi kwa majimbo yaliyowachagua, ila wale watatu ni watatu, iwe wilaya imejaa Warepublikani au ni katikati ya Bronx ambako kuwapata lazima uulizie nyumba kwa nyumba. Hiyo nayo naona imezidi. Mtu mmoja Bronx anakuwa na uzito wa watu kumi wa kijijini Idaho au hata zaidi, kwa sababu tu majirani zake hawampendi. Kuhesabiwa sawa na wenzako ndo ninachodai mimi, sijadai kubebwa.

Na ukitaka kichekesho nenda Samoa ya Marekani, kisiwani kabisa Pasifiki, wakazi wa kule hawana kura ya urais Novemba, hata moja, lakini mchujo wanao. 2020 Bloomberg, yule bilionea aliyetaka tiketi ya Wademokrati, alimwaga mamilioni ya dola kwa mamia kwenye matangazo nchi nzima, mahali pekee aliposhinda ni huko. 2024 Biden, rais aliyeko madarakani, kapigwa huko na mtu anaitwa Jason Palmer, kura 51 kwa 40. Arobaini! Sisi hapa ukumbini tungempindua rais.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka mlibebe hadi nyumbani, na hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo.

Ngome ina michujo miwili. Kuna mchujo wa chama kidogo, tumeuongelea. Na kuna mchujo wa chama kikubwa, na huo ndo uchaguzi wenyewe. Ndugu zangu wa Kenya mnalijua hili kuliko profesa yeyote wa hapa, kwenye ngome ya chama ukishapata tiketi, Agosti unaenda kupimwa suti ya kuapishwa. Vita yote iko kwenye mchujo, hata viti vinarushwa kwenye mchujo. Basi Marekani ni hivo hivo ila wao wanaongea kistaarabu zaidi. Kidogo.

Kusini mwa nchi hii kwa miaka mingi kulikuwa na chama kimoja tu cha maana, Wademokrati wa zamani zile, na Texas walifanya ujanja. Waliandika kwamba kwenye mchujo wa Wademokrati wanapiga weupe tu. Mtu mweusi Novemba njoo, piga, karibu sana, lakini mshindi alishajulikana tangu mchujo. Na wakiulizwa, jibu lao lilikuwa kwamba chama ni klabu yetu binafsi, mchujo sio uchaguzi wa serikali, tunaalika tunayemtaka. Houston kulikuwa na daktari wa meno mweusi anaitwa Lonnie Smith, 1940 kaenda kuomba karatasi ya mchujo, msimamizi wa kituo, Allwright, kamnyima. Smith akashtaki. Wakili wake mmoja alikuwa Thurgood Marshall, yule aliyekuja kuwa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi. Aprili 1944 mahakama ikaamua, majaji 8 kwa 1, kwamba mchujo ni sehemu ya uchaguzi na huwezi kumfungia mtu nje kwa rangi yake.

Jiulizeni, kama kura ya mchujo kwenye jimbo la upande mmoja haina maana, kwa nini watu walihangaika miaka yote ile kumzuia daktari wa meno mmoja asiipate? Mtu hafungi kabati tupu na kufuli.

Na watoto wa watu hao hao ndo 2020 walimfufua Biden. Kapigwa Iowa, wa nne. New Hampshire, wa tano. Watu wameshaanza kumuandikia tanzia ya kisiasa. Akafika South Carolina tarehe 29 Februari, mbunge Jim Clyburn kamuunga mkono siku tatu kabla, na weusi ndo zaidi ya nusu ya wapiga mchujo wa Wademokrati kule, wakampa karibu nusu ya kura zote. Siku chache baadaye mbio zilikuwa zimegeuka. South Carolina haijampa Mdemokrati urais tangu 1976. Kuna waliosema, na 2016 kambi ya Bernie Sanders, aliyegombania tiketi na Clinton, ilishasema kitu cha namna hiyo, kwamba majimbo ya Kusini yanapotosha picha. Mimi huwa nauliza, picha ya nani? Wale ndo waaminifu wa chama kuliko wote. Wamezungukwa tu.

Haya, rudi Idaho. Mchujo wa Warepublikani hapa ulikuwa wazi, ukafungwa kuanzia 2012, lazima ujiandikishe kama Mrepublikani ndo upige. Novemba 2024 kulikuwa na pendekezo la kufungua mchujo kwa wote, wananchi karibu asilimia 70 wakalikataa. Sawa, wameamua. Kwa hiyo kila miaka miwili, Jumanne ya tatu ya Mei, wengi wa watakaotunga sheria za shule za watoto wetu na Medicaid, ile bima ya afya ya serikali, ya wazee wetu wanakuwa wameshapatikana, na wengi wenu mnakuwa mnasubiri Novemba muulize mbona kwenye karatasi kuna jina moja tu.

Mchujo wa urais nao, mmesikia kilichotokea? 2023 bunge lilitaka kuuhamisha kutoka Machi, wakapitisha sheria ya kuufuta wa Machi, ile ya kuuweka Mei haikupita. Ukapotea! Hivi hivi, kwa karatasi. 2024 vyama vyote viwili vikarudi kwenye kokasi, Warepublikani Machi, Wademokrati Mei.

Nimepitiliza muda, naona naoneshwa saa. Mama wa Bukavu, jibu lako. Kwenye mambo ya urais ukipenda Wademokrati nenda kwenye kokasi au mchujo wao, chukua na mabinti zako, mko wachache kiasi kwamba nyie wanne mnaonekana. Kwenye mambo ya bunge la jimbo na gavana hapo uamuzi ni wako, wapo Wademokrati wanaojiandikisha Warepublikani makusudi ili wapige pale penye uchaguzi wa kweli, wengine wanaona ni unafiki, mimi siwezi kukuamulia ila jirani yangu anafanya hivo na analala usingizi vizuri. Kama hujajiandikisha na chama chochote unaweza kuamua siku ile ile kituoni, kama tayari una chama kuna tarehe ya mwisho ya kubadili, huwa ni wakati wagombea wanachukua fomu, waulize mapema ofisi ya karani wa kaunti.

Na wale wenye green card, tafadhali, narudia, tafadhali, mtu akikupa fomu ya kujiandikisha kupiga kura nje ya duka au popote pale usisaini hata akitabasamu vipi, mpaka uwe umeapa uraia. Watu wanapata matatizo makubwa kwa hiyo fomu. Ukiwa na wasiwasi niletee niisome.

Haya maswali, ila tuanze na wazee.