Daftari la Francisco de Toledo

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Habari za Mhispania Pizarro, farasi wake na kile chumba alichojaziwa dhahabu na Atahualpa, mfalme wa Wainka waliotawala Peru kabla ya Wahispania, mnazijua, sizirudii. Mimi namtaka mtu aliyefika Lima Novemba 1569, mwanamume wa miaka 54 asiye na mke, mzaliwa wa ukoo wa makabaila wa Oropesa. Huyu ni Francisco de Toledo, Makamu wa Mfalme wa Hispania nchini Peru hadi 1581.

Nimelisema hili kwenye kumbi nyingi na sitachoka kulisema: Pizarro aliivamia Peru, lakini aliyeifanya koloni ni Toledo, na aliifanya kwa daftari. Hata hivyo bado tunasomeshwa kwamba alikuwa mratibu hodari, mtunga sheria, mchapakazi. Halafu, kwenye sura nyingine kabisa, tunasomeshwa kwamba watu waliteseka migodini. Hizo ni sura moja, jamani! Nakereka kila ninapoona zimetenganishwa.

Tazameni ziara yake. Mwaka 1570 alitoka Lima akapanda milimani, akazunguka nchi kwa takriban miaka mitano. Wakaguzi wake waliingia majimboni wakiandika nani anaishi wapi, ana umri gani, analima nini, chifu wake ni nani. Kisha ikaja amri: watu waliotawanyika kwenye miteremko wahamie vijiji vipya vyenye mitaa iliyonyooka, na uwanja na kanisa katikati. Waliohamishwa walizidi milioni moja. Mkulima wa Andes analima viazi juu na mahindi chini, na mifugo yake hulisha juu zaidi. Sasa akabanwa mahali pamoja, mara nyingi mbali na mashamba yake. Serikali ilipata nini? Ilipata watu wanaohesabika, na mtu akishahesabiwa hutozwa kodi na huitwa kazini.

Sasa twende Potosí, maana hapa ndipo penyewe. Mji uko mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wa madini ya fedha. Toledo alikuta mawe bora ya juu yameshachimbwa na mapato ya mfalme yameporomoka. Akaingiza utaalamu wa kuchenjua kwa zebaki, kazi ambayo wachimbaji wadogo wa Geita hawahitaji kuelezwa. Zebaki ilitoka Huancavelica, mgodi alioutwaa kuwa mali ya mfalme. Inasimuliwa kuwa aliisifu ndoa ya milima hiyo miwili, wa fedha na wa zebaki, kuwa kubwa kuliko zote duniani. Mawe yalisagwa kwa vinu vya maji, yakachanganywa na zebaki, na Wahindi, yaani wenyeji wa Andes, wakalikanyaga tope hilo kwa miguu mitupu.

Na wafanyakazi? Daftari likafunguliwa. Majimbo 16 ya nyanda za juu yaliamriwa kutoa mtu mmoja kati ya kila wanaume saba wenye umri wa miaka 18 hadi 50, kwa zamu ya mwaka mzima. Hesabu yake inazidi wanaume 13,000 kila mwaka. Hii ndiyo iliyoitwa mita, kazi ya lazima kwa zamu. Watu wa Chucuito, kando ya Ziwa Titicaca, walitembea wiki kadhaa na wake zao, watoto wao na makundi ya llama, wanyama wa mizigo wa Andes, waliobeba chakula cha safari. Wakifika, kila Jumatatu machifu waliwapanga chini ya mlima, wakagawiwa kwa wenye migodi.

Padri mmoja Mjesuiti wa zama zile ameeleza kazi yenyewe. Ngazi za ngozi iliyosokotwa, vipandio vya mti. Mtu amebeba mgongoni mawe ya kilo zaidi ya 20, kayafunga kwa blanketi lililokazwa kifuani. Wanapanda watatu watatu, na wa mbele amefunga mshumaa kwenye kidole gumba ili mikono yote miwili ishike ngazi. Nje ni baridi kali ya milimani, na yeye anatoka akiwa ameloa jasho.

Atasimama mtu hapa, husimama kila mara, aniambie: lakini hata Wainka walikuwa na mita. Ndiyo, walikuwa nayo. Ndugu yangu, aliyekwenda zamu kwa Mwinka alilishwa kutoka maghala ya dola. Wa Potosí alilipwa ujira mdogo kuliko wa kibarua huru, na fedha aliyoichimba ikavuka bahari kulipia vita vya Mfalme Felipe huko Ulaya.

Mwingine ataniambia Toledo aliweka sheria za ujira na za saa za kazi. Aliziweka. Sasa tazama zilivyofanya kazi. Watu walipopungua kwa maradhi na kwa kukimbia, idadi iliyodaiwa haikushuka kwa kiwango hicho. Chifu aliyekosa watu alidaiwa pesa za kukodi mbadala, na wenye migodi wengi walizitia mfukoni bila kukodi mtu. Ndiyo maana maelfu walihama makwao wakaishi ugenini, ambako mgeni hakuhesabiwa kwenye mita.

Muda unanikimbia. Túpac Amaru, mtawala wa mwisho wa Wainka waliojificha Vilcabamba, nilitaka kumpa nafasi kubwa. Alikamatwa 1572, akaletwa Cusco. Viongozi wa kanisa, hata askofu, walipiga magoti mbele ya Toledo kumwombea maisha. Alikataa, kijana yule akakatwa kichwa uwanjani. Mwaka huohuo Toledo alikuwa amesimamia kuandikwa kwa historia ya kuonyesha kuwa Wainka walikuwa madhalimu wasio na haki ya kutawala. Mahakama ya kidini ya Lima, kiwanda cha sarafu cha Potosí, mageuzi ya Chuo Kikuu cha San Marcos, hayo naacha. Alirudi Hispania 1581, akafa mwaka uliofuata.

Daftari lake halikufa naye. Mwaka 1777 José Gabriel Condorcanqui, chifu wa upande wa Cusco, alikuwa Lima akiomba watu wake waondolewe mita ya Potosí. Akakataliwa. Mwaka 1780 akaanzisha uasi kwa jina la Túpac Amaru, na 1781 akauawa kwenye uwanja uleule wa Cusco. Mita yenyewe ilipigwa marufuku na Bunge la Hispania lililokaa Cádiz mwaka 1812.

Karibuni maswali, na anayetaka kumtetea Toledo aanze yeye.