Nakala Bila Kufunga Dirisha

Mhadhara kwa wahasibu na maofisa TEHAMA wa SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na AMCOS (vyama vya ushirika wa mazao), uliotolewa Moshi

Mwenyekiti, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie bakapu, yaani namna ya kunakili taarifa za chama bila kuwafungia wanachama mfumo. Nitafanya nilichoombwa, ila nawaambia mapema kwamba swali lenyewe nitalipinda kidogo. Nikikaa na maofisa wa vyama, hofu yao huwa moja: tukisimamisha mfumo ili tunakili, foleni ya dirishani itakuwaje? Basi bakapu inasogezwa Ijumaa hadi Ijumaa, kisha inasogezwa mpaka msimu wa kahawa upite. Mimi naogopa foleni nyingine: ile ya siku mfumo umekufa, nakala ipo, na hakuna mtu ofisini anayejua itachukua saa ngapi kurudi.

Tuanze na sababu ya kufunga, maana waliotufundisha kufunga hawakuwa wajinga. Chukueni mama mmoja mwenye akiba ya 500,000. Saa nne asubuhi programu inaanza kunakili, inaanza na jedwali la akiba. Ikishaupita mstari wa mama yule, yeye anafika dirishani na kuhamisha 200,000 kutoka akiba kwenda kwenye mkopo wake. Mfumo hai uko sawa: akiba imebaki 300,000 na mkopo umepungua. Lakini programu sasa ndiyo inafika jedwali la mikopo, nayo inanakili mkopo ambao umeshapungua. Nakala inasema mama ana 500,000 na tena amelipa 200,000. Fedha imezaliwa hewani! Wahasibu mnacheka, ila siku mtakayorudisha nakala ya namna hiyo mtatafuta tofauti ya mizania mpaka macho yaume, kwa sababu hakuna karani aliyekosea.

Ugonjwa basi ni nakala yenye nyakati mbili ndani yake. Kufunga mfumo ni dawa mojawapo tu, na wala haina aibu. Kama ofisi yenu inafungwa saa kumi jioni na hakuna mwanachama anayegusa akaunti kwa simu, fungeni, nakilini, fungueni. Atakayewauzia mtambo wa mamilioni ili muokoe dakika ishirini za usiku, msindikizeni mpaka stendi. Lakini chama ambacho mwanachama wake aliyeko Dar es Salaam anarejesha mkopo kwa simu saa tano usiku hakina tena usiku wa kufunga. Hicho ndicho ninachokizungumzia.

Hifadhidata za leo, yaani programu zinazotunza majedwali hayo, zinaweza kumwonyesha anayenakili sura ya taarifa kama zilivyokuwa pale alipoanza, huku makarani wakiendelea kuandika. Yeye haoni kipya, wao hawamngoji. Ukitumia PostgreSQL, programu yake ya pg_dump hufanya hivyo yenyewe. Ukitumia MySQL, mysqldump lazima uiambie, kwa kuongeza --single-transaction kwenye amri, na majedwali yawe ya aina ya InnoDB. InnoDB ndiyo chaguo la kawaida la MySQL tangu toleo la 5.5, la mwaka 2010. Mfumo uliojengwa kabla ya hapo huenda bado una majedwali ya MyISAM, na hayo hayana uwezo huu: ama unayafunga wakati wa kunakili, ama unapata yule mama wa fedha mbili. Kesho mwulizeni aliyewauzia mfumo, jedwali kwa jedwali. Pia, nakala ikiwa inachukuliwa, fundi asibadili muundo wa majedwali. Kazi hiyo ingoje.

Njia nyingine ni kupiga picha ya diski nzima. LVM, programu ya kusimamia diski kwenye kompyuta za Linux, hufanya hivyo kwa sekunde chache: haikopi chochote papo hapo, inahifadhi tu sura ya zamani ya kila kipande kabla hakijaandikwa upya. Ukiirudisha picha hiyo, hifadhidata huamka kama iliyokatikiwa umeme: inasoma daftari lake la miamala, inakamilisha iliyothibitishwa na kufuta iliyoishia njiani. Kwa umeme wetu, zoezi hilo inalijua. (Kicheko.) Ila picha iliyobaki kwenye diski ileile si bakapu. Diski ikifa, inakufa nayo.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka vitabu vya stakabadhi vya chama cha msingi. Kilimanjaro imekuwa na ushirika wa kahawa tangu enzi za KNPA, chama cha wakulima wenyeji, mwaka 1925, na KNCU, muungano wa vyama vya msingi, ikafuata mwaka 1933, kwa hiyo karatasi ya kaboni hatufundishwi na mtu. Karani anaandika kilo za mkulima, na nakala inajiandika chini yake wakati uleule. Mfumo una kaboni yake pia: seva ya pili, yaani kompyuta nyingine ya kuendeshea mfumo, inayopokea kila muamala mara tu unapoingia kwenye ile kubwa. Ni kitu kizuri sana. Seva kubwa ikiungua mnahamia ya pili, na bakapu mnaichukua kutoka kwenye hiyo ya pili bila kumchelewesha mtu dirishani. Lakini karani akiandika kilo 80 badala ya 8, kaboni nayo inaandika 80. Mtu akifuta jedwali la wanachama kwa bahati mbaya, seva ya pili inalifuta kufumba na kufumbua, kwa utii kabisa. Ofisa akisema “sisi tuna seva mbili, bakapu hatuhitaji”, hajanituliza.

Kinachookoa hapo ni kutunza daftari la miamala lenyewe. Mnachukua nakala kamili, tuseme kila Jumapili, halafu vipande vya daftari mnavihamishia mahali pengine kila baada ya dakika chache. Mtu akifuta jedwali saa tano na robo asubuhi ya Alhamisi, mnarudisha nakala ya Jumapili na kuiagiza hifadhidata irudie miamala yote mpaka saa tano na dakika kumi na nne, isimame hapo. PostgreSQL inafanya, MySQL pia. Kwa maoni yangu, kama fundi wenu ana nguvu ya kujifunza jambo moja tu mwaka huu, na ajifunze hili.

Mafaili ya pembeni nayapita haraka: fomu zilizoskaniwa, picha za wanachama, nakala za vitambulisho. Hayo yachukueni kwa rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Ikiendeshwa mara ya kwanza inabeba kila kitu, ikirudiwa inabeba yaliyobadilika tu. Hata mkilazimika kufunga mfumo, iendesheni kwanza mfumo ukiwa wazi, kisha fungeni na mwirudie, na mtafunga kwa dakika badala ya saa. Mkinakili bila kufunga, hifadhidata itangulie, mafaili yafuate. Faili lililozidi halimdhuru mtu. Anayeumia ni mwanachama ambaye fomu yake imeandikwa kwenye hifadhidata na faili lenyewe halimo.

Kisha kuna saa zetu. Mtu anataka bakapu ianze saa nane usiku, anaandika nane kwenye ratiba ya seva. Kwa seva, nane ni saa mbili asubuhi, mnapofungua ofisi. Na kama seva inafuata saa ya UTC, ile ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kazi itaanza saa tano asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Halafu mnasema mtandao unasumbua.

Sasa niwape kisa ambacho wenyewe walikiandika hadharani, na ndiyo maana nakiheshimu. GitLab ni kampuni inayowahifadhia watengenezaji wa programu kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao alikuwa akihangaika kuirekebisha seva ya pili iliyokuwa imeachwa nyuma na ile kuu. Akaamua kufuta taarifa za seva ya pili aanze upya. Amri akaipiga kwenye seva kuu. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili na kuikata, lakini kati ya takribani gigabaiti 300 zilibaki 4.5.

Wakaenda kwenye bakapu. Ile ya pg_dump ya kila siku haikuwepo: programu iliyokuwa inaendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2, na hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kila siku ilikuwa ikishindwa. Taarifa za kushindwa zilitumwa kwa barua pepe, na barua zenyewe zilikuwa zikikataliwa na seva ya kupokea. Picha za diski za kampuni iliyowakodishia mitambo hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Seva ya pili ndiyo hiyo iliyokuwa mgonjwa. Kilichowaokoa ni picha ya LVM ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Walipoteza taarifa za takribani saa sita. Siiteti kampuni ya watu. Ni wachache wanaothubutu kueleza hivyo mbele ya dunia, na urejeshaji wenyewe waliurusha mubashara.

Wengi wakikisimulia hukomea hapo. Mimi nataka mtazame jambo jingine. Picha ile ilichukuliwa kwa muda mfupi sana, hakuna mtumiaji aliyehisi. Kuirudisha kulichukua takribani saa 18, kwa sababu ilikuwa kwenye mashine za majaribio zenye diski za polepole. Kunakili bila kufunga walikuwa wamefaulu. Kilichowaweka chini karibu siku nzima ni njia ya kurudi.

Kwa hiyo tupige hesabu ya kwetu. Chama chenye gigabaiti 40, na nakala pekee iko kwenye seva ya kukodi ng'ambo. Intaneti ya ofisi ni megabiti 10 kwa sekunde, na tujifanye inatoa zote kumi bila kupungua. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kushusha gigabaiti 40 ni sekunde 32,000, karibu saa tisa, kabla hata hifadhidata haijaanza kuzipanga. Hiyo ni siku nzima ya kazi. Na siku hiyo inaweza kuwa kama 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia. Nakala hiyohiyo ikiwa kwenye diski na ikitoka Arusha kwa Coaster, kilomita 80 hivi, tuseme saa mbili pamoja na kushusha abiria, ni wastani wa megabiti 44 kwa sekunde. Sisemi mwache kuweka nakala mbali. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, huko Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja ambao nakala zao ziliungua pamoja na mali yenyewe. Nakala moja iwe mbali sana, moja iwe mnapoifikia kwa miguu au kwa basi, nayo isiwe imechomekwa kwenye seva muda wote, maana kirusi kinachofunga mafaili na kudai fedha hufunga na diski iliyochomekwa.

Na mrudishe kweli. Chukueni kompyuta nyingine, rudisheni nakala ya jana, shikeni saa mkononi. Kisha mwiteni mhasibu, si fundi, atoe urari wa siku hiyo aulinganishe na ule uliochapwa. Muda mtakaoupata ndio mtakaoipa bodi: mfumo ukifa, tutarudi baada ya saa kadhaa.

Dada kule nyuma ameuliza kuhusu diski kupotea kwenye Coaster. Swali zuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nakala ina majina, simu na mikopo ya watu sawasawa na mfumo hai. Diski isifungwe kwa mpira na karatasi, ifungwe kwa usimbaji, yaani maandishi yageuzwe fumbo linalofunguka kwa nywila tu, ili atakayeiokota asisome kitu. Ila hapo linazuka tatizo lingine, kwamba nywila ikipotea hata ninyi hamsomi. Nimeona mahali ambapo nywila ilikuwa ndani ya kompyuta ileile iliyokufa. Iandikeni kwenye karatasi mbili, kila moja katika bahasha yenye lakiri na saini ya meneja na ya mwenyekiti wa bodi. Moja ikae kwenye sefu ya hapa, nyingine kwenye tawi jingine, wala isisafiri na diski. Fundi akiacha kazi, nywila inabadilishwa na bahasha zinaandikwa upya, hata kama mmeachana naye kwa uzuri.