Begi la Tanja

MWANAIDI: Jumamosi tumehamisha vyombo vya bibi. Juu ya kabati tukakuta shangazi kaja, lile la mistari myekundu, myeupe na ya buluu, zipu yenyewe imekufa. Mama akasema lisifunguliwe.

BARAKA: Dada, leo kipindi chetu ni cha Dubravka Ugrešić, mwandishi kutoka Kroatia.

MWANAIDI: Ndiko ninakoelekea. Kwenye Ministarstvo boli, yaani Wizara ya Maumivu, riwaya yake ya 2004, begi si ndilo hilo hilo? Tanja anafundisha Amsterdam fasihi ya nchi ambayo haipo tena, Yugoslavia. Wanafunzi wake wengi ni wakimbizi wa vita. Anawaambia: kila mmoja atie humo anachokikumbuka. Meliha anatia pishi la chungu la Bosnia!

BARAKA: Tuanze na mwandishi kwanza. Mwaka 1988 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata NIN, tuzo ya riwaya bora ya Yugoslavia. Vita vilipoanza 1991 akaupinga uzalendo wa chuki, na mwaka uliofuata gazeti la Globus la Kroatia likamwita mchawi, yeye na wenzake wanne. 1993 akaondoka Kroatia.

MWANAIDI: Wanawake watano, gazeti zima kuwaita wachawi! Hilo linaniumiza mpaka leo. Ndiyo maana begi lina uzito. Watawala wapya walitaka watu wasahau kwamba waliwahi kuishi pamoja.

BARAKA: Kwa bibi mlitia nini humo?

MWANAIDI: Sijui, halikufunguliwa. Likitikiswa kuna kitu kinagonga kama sahani za bati.

BARAKA: Basi mama yako ana akili kuliko Tanja.

MWANAIDI: Kivipi?

BARAKA: Yule Uroš, baba yake anashtakiwa kwenye mahakama ya uhalifu wa kivita, The Hague. Mwalimu anamwambia akumbuke utoto, akumbuke nyumbani. Mwishowe kijana anajiua. Mwalimu hana haki ya kufungua mzigo wa mtu.

MWANAIDI: Kilichomuua Uroš ni aibu ya mambo ya baba yake. Darasa lile ndipo mahali pekee ambapo Mserbia, Mkroatia na Mbosnia walikaa wakacheka pamoja.

BARAKA: Walicheka, kisha kila mtu akarudi peke yake chumbani. Wengine mchana kutwa wanashona nguo za ngozi wapate kodi. Kumbukumbu wafanyie nini?

MWANAIDI: Waliporwa nchi, nyumba, hata jina la lugha yao. Unataka uwapore na pishi?

BARAKA: Nataka aliye na pishi aamue mwenyewe lini alipike.

MWANAIDI: Hakuwalazimisha.

BARAKA: Ni mwalimu, dada! Anatoa maksi. Mwanafunzi atakataaje?

MWANAIDI: Hapo sikubaliani nawe kabisa.

BARAKA: Nami vilevile. Na dakika zimekwisha. Niliandaa mambo matatu kwa wanaoanza kumsoma, hakuna hata moja tulilogusa.

MWANAIDI: Wala insha zake. Wala Roland, yule walrasi, mnyama mkubwa wa baharini, wa bustani ya wanyama ya Berlin. Waanze na riwaya yake Muzej bezuvjetne predaje, yaani Makumbusho ya Kusalimu Amri Bila Masharti, kurasa za mwanzo tu, waone tumbo la Roland lilikutwa na nini.

BARAKA: Tanja alikosea.

MWANAIDI: Hakukosea. Haya, kwaherini.