Mtu akija maktaba na swali gumu la afya, msaidie hivi (tunafanya swali moja mwanzo mwisho)

Haya karibuni tena jamani, leo nipo hapa Mtwara na naongea na nyie wenzangu mnaokaa kaunta za maktaba, ziwe za mkoa, za shule, hata we unayejitolea kwenye chumba cha kusomea kule Newala au Nachingwea, maana watu ni walewale na maswali ni yaleyale. Tunachukua swali moja tu, la busha, ule uvimbe wa korodani. Nimelichagua makusudi, huku kwetu lipo, watu wanalionea aibu, na majibu ya uongo yamejaa kuanzia kijiweni mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kompyuta usiiguse kwanza. Hapa mwanzo ndo nitakaa sana kwa sababu ndo tunapoharibu wengi.

Mzee anaingia, anashika gazeti, analirudisha, anazunguka rafu mara mbili, watu wakipungua anasogea kaunta anauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hivi mna kitabu cha magonjwa ya wanaume?" Sasa hilo sio swali lake, hapo anabisha hodi tu. We mpe shikamoo yake, toka nyuma ya kaunta, mpeleke meza ya pembeni, vuta kiti ukae ubavuni kwake ili wote mwangalie skrini moja. Alafu mwambie, "Mzee wangu, nielezee kidogo unataka kujua nini, nikutafutie kinachofaa." Ukishasema hivo nyamaza. Usimmalizie sentensi, usimtajie ugonjwa, subiri hata kama kimya kinakuwa kirefu, atasema.

Na kweli anasema. Kijana wake anaendesha bodaboda, ana busha, wenzake kijiweni wamemwambia ni madafu anayokunywa kila siku, na kuna mtu anamuuzia dawa ya chupa anasema linaisha bila kupasuliwa. Kwahiyo mzee ana maswali mawili, je ni madafu kweli, na je lazima kisu? Yaandike kwenye karatasi kwa maneno yake hayahaya, msomee, muulize "nimekuelewa hapo mzee?" Jina lake wala la kijana usiandike.

Mbona nasisitiza hivi? Miaka ya nyuma, kwenye maktaba nyingine kabisa, alikuja mama mmoja akaniambia anataka kusoma habari za presha, mi nikamprintia kurasa za presha ya kupanda, chumvi, mazoezi, kupunguza uzito, akashukuru akaondoka. Baadae ndo nikaja kujua alikuwa anaulizia mdogo wake mjamzito, mimba kubwa, kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba, mtu wa hivo anakimbizwa hospitali siku ileile, hapewi karatasi ya chumvi. Yule mdogo wake walimuwahi, namshukuru Mungu, lakini mi swali moja tu, "presha ya nani mama?", sikuliuliza, na mpaka leo nikisikia neno presha naacha ninachofanya nakaa chini na mtu.

Kwahiyo muulize pia, kuna maumivu? Mzee akikwambia kijana korodani inamuuma sana na imeanza ghafla, acha kutafuta, aende hospitali muda huohuo, iyo haisubiri intaneti.

Haya, sasa tuje kwenye kompyuta. Ukiandika "dawa ya busha" tu, ona kinachokuja, juu kabisa kuna matangazo, mtu na namba yake ya simu, siku kadhaa umepona, ushuhuda, picha. Hapa tena siku hizi kuna maelezo yanaandikwa na akili mnemba, yanasomeka vizuri lakini usimsomee mzee hayo, shuka chini uone yametolewa wapi ufungue penyewe. Mi huwa natumia jina la kitaalamu. Busha wataalamu wanaliita hydrocele, andika hivohivo kwa herufi zake, na kwenye matangazo ya Wizara ya Afya utakuta wanaandika matende na mabusha pamoja. Tutatafuta kwa majina yote mawili.

Tunafungua sehemu mbili. Ya kwanza MedlinePlus, iyo ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ipo toka 1998, ni bure, haina matangazo ya dawa, na ina sehemu ya lugha mbalimbali ambapo Kiswahili kipo, sio kwa kila ugonjwa lakini kipo. Ya pili ni Shirika la Afya Duniani. Kila ukurasa ukifunguka angalia vitu vitatu, nani kaandika, lini umepitiwa mara ya mwisho, na je anayeandika ndo anayeuza? Tarehe hapa MedlinePlus iko chini, shuka nayo mpaka mwisho, mwonyeshe mzee kwa kidole.

Sasa soma nae, usimtafsirie neno kwa neno, sema kama unavosema nyumbani. Ukurasa wa Shirika la Afya Duniani unasema matende na mabusha ya namna hii yanaletwa na minyoo midogo kama uzi inayoenezwa na mbu, mtu mara nyingi anaambukizwa toka utotoni na uvimbe unakuja kuonekana ukubwani. Minyoo yenyewe ikishakomaa inaweza kukaa mwilini miaka 6 mpaka 8. Madafu yapo wapi hapo? Hayapo. Mi naona wazee waliunganisha tu, minazi iko pwani na mabusha yako pwani, wakasema basi ni dafu. Mwambie mzee kwa heshima, usimcheke, hata mamaangu mzazi alitukataza madafu kwa sababu iyohiyo.

Swali la kisu nalo tulijibu vizuri maana hapa ndo pesa ya mtu inapoliwa. Zile dawa za kingatiba wanazogawa mtaani, ivermectin na albendazole, zinaua vijiminyoo vichanga kwenye damu ili mbu asivisambaze, lakini busha likishakuwa kubwa tiba yake ni upasuaji. Alafu sio kila uvimbe wa pale umetokana na minyoo, kuna ngiri, kuna kuumia, kuna mengine, MedlinePlus wameandika, ndo maana lazima daktari amshike amuangalie.

Angalieni maneno ninayotumia, nasema "hapa pameandikwa", sisemi "kijana wako ana". Mzee akikubana, "kwahiyo mwanangu we unaonaje?", mjibu ukweli, "Mzee mi sio daktari, ninachoweza ni kukutafutia palipoandikwa na wanaojua." Usione aibu kusema ivo. Kisha mpe pa kwenda, kwa Mtwara kuna hospitali ya Ligula, Lindi kuna hospitali ya Sokoine, na kuna namba ya Wizara ya Afya 199, kupiga ni bure, anaweza kupiga akiwa kwake mwenyewe bila mtu kumsikia.

Printi ukurasa mmoja, sio kumi. Kwa nyuma muandikie kwa Kiswahili, kwa mkono, herufi kubwa, mistari mitatu minne: mbu sio madafu, daktari amuangalie, maswali ya kumuuliza daktari ni haya. Mkunjie karatasi kabla hajapita mlangoni.

Akishaondoka bado hujamaliza. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, hapo inakuja sehemu ya kufuta historia, chagua yote, futa, funga brauza. Ile karatasi uliyoandika maswali yake ichane. Anayekaa kwenye kiti hicho baada yake anaweza akawa jirani yake.