Gari inanuka kuungua? Anza na pua kabla hujashika spana

Mambo vipi wadau, karibuni tena gereji. Leo nina Toyota IST hapa, injini yake ni aina ya 1NZ, ni gari ya dada mmoja, na shida yake ni kwamba akikaa kwenye foleni gari inaanza kunuka kuungua, taa zikiruhusu akiondoka harufu inapotea. Kashabadilishiwa breki pedi za mbele mara mbili na harufu ipo palepale, hela imeenda. Simsemi vibaya fundi aliyepita, mi mwenyewe nishawahi kumfungulia mtu matairi yote manne kumbe ni kipande cha kiroba kimegandia kwenye eksozi huku chini, nilijisikia vibaya sana siku ile.

Kwahiyo kitu cha kwanza, kabla ya kufungua chochote, muulize mwenye gari inanuka lini na inanukaje. Inanuka ukipanda mlima na gari ni manyuo, yani ya kubadili gia kwa mkono, harufu kama makaratasi yanaungua? Hiyo ni klachi, na mara nyingi ni mguu unaolala kwenye pedali. Inanuka baada ya kushuka mteremko mrefu, wale mnaopita mlima Kitonga kule Iringa mnaijua harufu ya malori pale, hiyo ni breki, na ukishusha gia ukaacha injini ishike gari, inapungua. Harufu ya raba ikiambatana na kelele za kulia kule mbele, angalia belti. Harufu tamutamu na kioo kinapata ukungu wenye mafuta mafuta, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, inavuja, uwezekano mkubwa rejeta ndogo ya hita ndani ya dashibodi.

Ila harufu ya plastiki, ile kali ya waya unaoyeyuka, hapo hamna kuuliza maswali. Paki pembeni, zima gari, watu washuke wote, na kama hakuna moshi ndo ufungue boneti utoe teminali ya hasi kwenye betri. Kama moshi unatoka usifungue boneti maana unaupa moto hewa. Na nyie mnaounguliwa na fyuzi ya ampea 15 mkaweka ya 30, au mkazungushia kipande cha waya ili redio iwake, jamani. Fyuzi imeungua kwa sababu kuna kitu kinavuta umeme mwingi huko mbele, ukiweka kubwa zaidi sasa kinachoungua ni waya wenyewe.

Haya turudi kwa IST yetu. Breki niliitest hivi: nimeendesha kama kilomita tano bila kukanyaga breki kwa fujo, nikasimama, nikapitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Kama kalipa, ile inayobana pedi za breki, imeganda au hendibreki haiachii, tairi moja linakuwa na joto kali kuliko mengine, unalisikia kabla hata hujafika. Hapa zote zinalingana. Breki tunaziacha.

Sasa angalia hii, haihitaji kifaa chochote. Gari imesimama injini inanguruma, yani sailensi, harufu imeshaanza kuingia, bonyeza kitufe cha AC chenye alama ya mshale unaozunguka ndani ya gari, yani hewa ya nje haiingii. Subiri dakika mbili. Umeona? Harufu imepungua. Maana yake inatoka chini ya boneti, kwa sababu hewa ya AC inavutwa hapa chini ya kioo cha mbele, na hapa ndipo mvuke wa injini unapopandia gari ikiwa imesimama. Ikitembea upepo unaupeleka chini, ndo maana dada anasema akiondoka inapotea.

Zima, acha ipoe, fungua boneti. Leta tochi, nimulikie kule nyuma ya injini upande wa ukuta, manifodi ya eksozi, bomba la kwanza la moshi linalotoka kwenye injini, iko huko. Sogeza simu, hapo hapo. Unaona hilo tope jeusi linalong'aa chini ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini? Ni oili. Inachuruzika tone moja moja inadondokea kwenye chuma cha moto. Ngoja nipitishe kitambaa cheupe... ona, cheusi na kimelowa. Ila kabla hujahukumu hakikisha hakuna mtu aliyemwaga oili wakati wa sevisi, ikimwagika hapo nayo inanuka siku moja mbili halafu inaisha yenyewe. Futa, endesha, angalia tena. Sisi tulifuta jana, leo imerudi.

Kazi yenyewe sasa, kubadilisha gasketi ya tapeti kava, ile raba inayozuia oili isivuje. Toa kava la plastiki la juu, chomoa soketi za koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, hivi vilimi vimezeeka so vibonyeze taratibu visivunjike, fungua bolti za koili, spana namba 10, vuta koili uzipange kwa mpangilio wake. Chungulia kwenye visima vya plagi, kukiwa na oili humo basi na raba zake zimekufa, badilisha pamoja. Toa mipaipu ya kupumulia, legeza bolti za tapeti kava kidogo kidogo kuanzia nje kwenda katikati, kisha linyanyue. Likigoma gonga na nyundo ya raba, usichokonoe na bisibisi, utachimba alumini na hiyo sehemu itavuja milele.

Gasketi ya zamani hii hapa. Ngumu kama kijiti, nikiikunja, pa, imekatika. Na fundi mwingine alishapaka silikoni kuzunguka kote juu yake, hiyo haisaidii, vipande vyake vinadondoka ndani vinaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Safisha pande zote mbili zikauke kabisa. Silikoni unaweka sehemu mbili tu, hizi kona ambapo kava ya cheni inakutana na silinda hedi, ukubwa wa punje ya maharage. Gasketi mpya inaingia kavu kwenye mfereji wake.

Usisahau valvu ya kupumulia, ile ya PCV inayotoa presha ndani ya injini, hapo hapo kwenye kava. Itoe uitikise. Hii yetu kimya, haichezi, imeziba, presha ilikuwa inasukuma oili nje. Ukiiacha hivi gasketi mpya nayo itavuja. Nimeweka nyingine, sikia inavyogonga, tik tik.

Rudisha kava, kaza kuanzia katikati kwenda nje, kama una toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ni Nm 10 (nyutoni mita), kama huna tumia spana ya reki fupi kwa nguvu ya kiganja tu, hizi bolti zinakatika kirahisi sana. Nyunyizia breki klina kwenye manifodi ikiwa baridi, futa, na iache ikauke kabisa kabla ya kupiga stata maana ile dawa inashika moto.

Nawasha. Kamoshi kidogo kanatoka, msishtuke, ni oili iliyobaki kwenye vikona, kama dakika kumi hivi inaisha, kaeni nje na dumu la mchanga karibu. Dada nimemwambia atumie siku mbili halafu apitishe tishu nyeupe ukingoni hapa kwa nyuma, injini ikiwa imepoa. Siku mbili zimepita, kanitumia picha asubuhi hii, tishu ni nyeupe.